Ukilala msituni, baridi hutoka chini

Wakazi wengi wa mijini wanapojiandaa kwenda kupiga kambi katika Msitu wa Kakamega hufungasha mablanketi matatu, sweta na kofia, kisha wakatandika shuka tu kwenye sakafu ya hema. Saa tisa za usiku huamka wakitetemeka. Asubuhi hulalamika kwamba Kakamega ina baridi kuliko walivyoambiwa, ilhali walijifunika vyema juu wakasahau chini.

Kinachohifadhi joto katika blanketi, msomaji, ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Unapolilalia, uzito wako huibana hewa hiyo ikatoka, nao udongo hunyonya joto la mwili wako usiku kucha. Msitu wetu uko kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua nyingi, kwa hivyo ardhi ya Buyangu au Isecheno, ambako wageni hupiga hema, mara nyingi huwa na unyevu.

Je, utapata nimonia? Hilo huulizwa sana na akina mama. Nimonia huletwa na viini, si na sakafu. Hata hivyo baridi huweza kumchochea mwenye pumu, na mwenye maumivu ya mgongo au nyonga huamka akiwa amekakamaa. Watoto wadogo na wazee ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani miili yao hupoteza joto upesi, hasa nguo zikilowa. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akasinzia na kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Mvue nguo mbichi, mfunike, mtandikie kitu kikavu chini na umkimbize hospitalini. Usimpe pombe, hupanua mishipa ya ngozi na kuzidi kupoteza joto.

Sasa twende dukani. Godoro la kujaza hewa, lile la kulaza wageni sebuleni, ni laini lakini hudanganya: hewa iliyo ndani yake huzunguka na kupeleka joto lako ardhini. Sponji ya kawaida ina joto, ila hunywa maji. Mkeka wa sponji ngumu ya kukunjwa, ambayo matundu yake yamezibwa, haunywi maji wala hautoboki, na ni wa bei nafuu. Kwa kijana ninapendekeza huo bila kusita. Ule wa mazoezi ya viungo ni mwembamba mno.

Ukiwa umepita miaka 40, au unalala kwa ubavu, tafuta godoro la kambi lenye sponji ndani na kizibo cha kuingizia hewa, unene wa sentimita 5 au zaidi, ili nyonga na bega visiguse ardhi. Lijaze nyumbani ulilalie usiku mmoja kabla ya safari. Likiwa la mitumba, lizamishe majini utazame viputo.

Magodoro mengi ya kambi huandikwa alama ya R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite. Mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM la Marekani lilitoa njia moja ya kuipima, hivyo siku hizi unaweza kulinganisha la kampuni hii na ile. Kwa Kakamega, R ya 2 yatosha. Anayepanda Mlima Elgon, ambako juu huganda usiku, atafute 4 au zaidi. Ukiweka mikeka miwili, R zake hujumlishwa.

Hata wasiopiga kambi wamo. Kwenye matanga huku kwetu, wazee hukesha na kulala nje juu ya turubai. Majani makavu ya migomba yakitandazwa kwa wingi chini ya mkeka hunasa hewa, na hayauzwi.

Kabla ya kulipa, pima upana. Malaria ipo Kakamega, na neti lazima ichomekwe chini ya godoro pande zote. Likiwa pana kuliko neti, mkono utagusa wavu na mbu atakuuma kupitia hapo. Ukirudi nyumbani lianike likauke kabisa kabla ya kulikunja, maana ukungu ni adui wa mwenye pumu.