Usipoziba Ufa wa Bafu Utajenga Ukuta

Sehemu nyingi za Shinyanga zina udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, udongo huu huvimba. Kiangazi hukauka na kupasuka. Nyumba nayo hucheza. Bafuni, ufa hutokea pale sakafu inapokutana na ukuta. Maji hupita humo. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, hulainika chini na mwisho huanguka.

Je, tuzibe kwa kitu gani?

Kati ya marumaru na marumaru, tumia saruji ya kuzibia. Nafasi ikizidi milimita 3, chagua ile yenye mchanga laini. Usizidishe maji, maana itakuwa dhaifu.

Lakini kwenye pembe usitie saruji. Saruji haivutiki, nyumba ikicheza itapasuka tena. Nunua silikoni ya bafuni. Hiyo huvutika kama mpira. Kwanza kwangua saruji ya zamani, osha, kisha acha pakauke kabisa. Silikoni haishiki penye maji wala sabuni. Ukimaliza, msiogee humo kwa siku nzima.

Ndugu msomaji, leo hii kazitazame pembe za bafu lako.