ULIMI WA MCHANGA HUKO SENEGAL

Katika pwani ya Senegal, Afrika ya Magharibi, uko ukanda mwembamba wa mchanga uitwao Langue de Barbarie, yaani Ulimi wa Barbarie. Upande mmoja bahari ya Atlantiki yanguruma; upande wa pili mto Senegal wapita kimya kuelekea kusini. Mawimbi ndiyo yaliyourundika mchanga huo, na mivinje ilipandwa ili kuushikilia.

Hapo ndipo makao ya mwari, heroe, shakwe na buabua. Kasa nao hupanda ufuoni usiku kutaga mayai. Kwa sababu hiyo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1976.

Mwezi Oktoba mwaka 2003 mto ulifurika, ukautishia mji wa Saint-Louis. Wakuu wakaamuru mchanga ukatwe kusini ya mji, mfereji wenye upana wa meta 4 tu. Maji yakashuka upesi, mji ukaokoka. Lakini bahari haikuridhika na mlango mdogo: kwa muda mfupi ulipanuka kufikia mamia ya meta, na baadaye ukapita kilomita nzima. Kijiji cha Doun Baba Dièye kikamezwa, bustani zikaingiwa na chumvi, na wavuvi wengi wakazama katika mawimbi ya mlango huo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari alindaye boma aelewa vyema: lango hufunguliwa kwa amri moja, bali kulifunga ni kazi nyingine kabisa.