Krimu ya BB na Poda Yake

Krimu ya BB ni kipodozi chenye rangi ya ngozi kinacholainisha uso, kuficha madoa na kukinga jua kwa mpako mmoja. Asili yake ni Ujerumani: daktari wa ngozi Christine Schrammek aliitengeneza miaka ya 1960 ili kutuliza na kufunika ngozi iliyotoka kwenye matibabu. Korea Kusini ndiyo iliyoifikisha kwa watu wa kawaida. Kampuni ya Missha, iliyojulikana kwa vipodozi vya won 3,300, ilivuma kwa M Perfect Cover yenye kinga ya SPF 42.

Tatizo kubwa, na ni tatizo kweli, ni rangi. Namba za rangi zilizozoeleka Korea, 13, 21 na 23, ni za ngozi nyeupe. Hata 27 haifiki mbali. Isitoshe, titani dioksidi na oksidi ya zinki zinazokinga jua ni unga mweupe, hivyo ngozi ya maji ya kunde au nyeusi huonekana kama imepakwa jivu. Ndiyo maana krimu hii hujaribiwa kwenye taya, si mkononi. Tone dogo kama punje ya choroko hugongwagongwa kwa ncha ya kidole mpaka lishike, kisha hutazamwa nje, kwenye mwanga wa mchana, baada ya dakika chache. Mstari ukionekana kati ya shavu na shingo, rangi hiyo haifai.

Poda hufuata. No Sebum ya kampuni ya Innisfree, kikopo cha gramu 5, hunyonya mafuta puani na kwenye paji la uso. Nayo ni nyeupe: brashi hukung'utwa kwanza, na mashavu makavu huachwa.