Victoria Mboko: binti wa Wakongo aliyepiga mabingwa wanne, na Mkenya aliyempiga yeye kwanza

Tangu mwezi wa nane mwaka 2025 kuna swali moja linarudi kwenye namba yetu ya WhatsApp: "Huyu Victoria Mboko wa tenisi, ni mtu wa kwetu ao hapana?" Lilianza wakati ule wa CHAN, watu wote wanasikiliza Léopards kule Nairobi, na sisi kwenye redio tunatafuta habari za mpira wa miguu tu. Habari ya Mboko tuliipitisha kwa sekunde ishirini hivi, tukarudi kwenye mpira. Ndipo message zikaanza kuingia. Jina kama Mboko, hapa kwetu, halipiti bila mtu kugeuza kichwa.

Basi tuieleze historia yake pole pole, maana ina mambo ambayo sekunde ishirini haziwezi kubeba.

Wazazi wake, Baba Cyprien Mboko na Mama Godée Kitadi, ni Wakongo. Walitoka inchini mwaka 1999 shauri ya matata ya siasa. Msomaji wa Goma, Bukavu, Kalemie ao Kisangani hana haja ya kuelezewa mwaka ule: vita vilikuwa vimeanza mwezi wa nane 1998, inchi imekatwa vipande, mkataba wa Lusaka ukasainiwa mwezi wa saba 1999 na bunduki hazikunyamaza. Wao walifika Marekani, wakakaa Charlotte, North Carolina. Kwa watu wa Lubumbashi mji huo si mgeni sana: ndipo Bismack Biyombo, mtoto aliyezaliwa hapa hapa, alianzia kucheza NBA mwaka 2011. Victoria alizaliwa Charlotte tarehe 26 mwezi wa nane 2006, mtoto wa mwisho kati ya wanne. Akiwa bado mdogo sana familia ilihamia Kanada, akakulia Burlington, jimbo la Ontario, si mbali na Toronto.

Tenisi aliikuta nyumbani. Baba ndiye aliwapeleka watoto kwenye tereni, na wakubwa wake wakaicheza mpaka ngazi ya université. Mtoto wa mwisho akikuta kaka na dada tayari wako na raketi, hakuna haja ya kumsukuma, anataka tu kuwapiga. Raketi aliishika kabla hajaanza masomo.

Alipoonekana ana kipaji, shirikisho la tenisi la Kanada lilimchukua kwenye kituo chake cha kitaifa kule Montréal. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2007 juu ya kazi moja: kukusanya watoto wenye kipaji, kuwapa makocha, tereni za ndani kwa wakati wa theluji, masomo, na safari za kwenda kucheza nje. Kocha aliyekuja kumfikisha kwenye ushindi mkubwa ni Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza finali ya Wimbledon mwaka 1998. Na huyo Mama Tauziat, kumbe, alizaliwa Bangui, kule kwa majirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Sasa tuje kwenye Mkenya. Na ninasema Kenya ya inchi, si komini yetu ya Kenya karibu na Kamalondo.

Mwezi wa saba 2022, Wimbledon, Uingereza, finali ya wasichana vijana ya wawili wawili. Upande mmoja Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka ule ule walikuwa wamecheza finali ya Australia pamoja na kuipoteza. Upande wa pili Mholanzi Rose Marie Nijkamp na Angella Okutoyi wa Nairobi, miaka 18. Wakanada walishinda seti ya kwanza 6-3. Okutoyi na mwenzake wakarudisha ya pili 6-4. Kwa wawili wawili wa vijana, mkifika moja kwa moja hamchezi seti ya tatu nzima, mnahesabu pointi tu: wa kwanza kufika 10 anashinda, lakini lazima azidi mwenzake kwa pointi mbili. Iliishia 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, yaani moja ya yale mashindano manne makubwa: Australia, Roland Garros, Wimbledon, US Open. Kwa hiyo siku ile binti wa Wakongo alipigwa na binti wa Afrika ya Mashariki, kwa mpira mmoja ao miwili tu.

Okutoyi ni nani? Mama yake alikufa wakati wa kumzaa yeye na pacha wake. Walilelewa na nkambo wao mwanamuke, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye shule ya Loresho, Nairobi. Shule ile ilikuwa na tereni, na watoto wakaanza kucheza. Baadaye alipita kwenye kituo cha shirikisho la dunia kilichokuwa Bujumbura, kuvuka ziwa tu na ndugu zetu wa Uvira, mpaka matata ya Burundi ya mwaka 2015 yakakihamisha. Mwaka 2022 kule Australia akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, na akafika duru ya tatu. Njia yote hiyo ilifunguliwa na watu wa nyumbani, walimu, na mfuko wa tenisi ya dunia.

Niulize sasa: miaka mitatu baada ya finali ile, nani yuko wapi?

Okutoyi alipata burse, akaenda kusoma na kucheza kwenye université ya Auburn, Marekani. Mwaka 2024 alichukua medali ya zahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Mtu asiseme alishindwa. Lakini kwenye zile mechi kubwa za televisheni ni Mboko anaonekana. Umri wake unahusika, mwili wake mrefu na mkono wake mzito unahusika, bahati pia. Ila kwa mimi neno kubwa ni lingine. Mtu anayetaka kuishi kwa tenisi analipa mwenyewe ndeke, hoteli, kocha, daktari, juma kwa juma, inchi kwa inchi, na kwenye mashindano madogo makuta anayoshinda hayatoshi hata kurudi nyumbani. Visa nayo: mtoto mwenye paspoti ya Kanada anaamka anaenda. Yule wa Nairobi ao Lubumbashi anaanza na dosie ya ubalozi. Bila shirikisho linalolipa, kipaji kinasimama njiani. Mboko alikuwa na shirikisho hilo hata alipoumia goti na kukaa nje miezi mingi.

Mwaka 2025 aliuanza akiwa wa 333 duniani. Fahamuni hesabu hii: kila mchezaji anakusanya pointi kwenye mashindano, na pointi hizo zinampa nafasi. Wa 333 haingii kwenye mashindano makubwa moja kwa moja, anaanzia chini. Akaanzia chini. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu alishinda mechi 22 mfululizo kwenye visiwa vya Martinique na Guadeloupe, kisha Marekani na Uingereza, na kwa muda mrefu hakupoteza hata seti moja. Roland Garros alipita kwenye mechi za mchujo, akafika duru ya tatu. Wimbledon mchujo ulimshinda, lakini mchezaji mmoja alijitoa, nafasi ikabaki wazi, wakamwita, na mechi ya kwanza akashinda.

Ndipo ikafika Montréal, mwisho wa mwezi wa saba. Alikuwa amepanda mpaka nafasi ya 85, na waandaaji walimpa mwaliko, kile watu wa tenisi wanaita wild card: unaingia juu ya kuitwa, si juu ya nafasi yako. Hapo ndipo mambo yalianza kuwa ya ajabu. Alimtoa Sofia Kenin, bingwa wa Australia wa 2020. Alimtoa Coco Gauff wa Marekani, bingwa wa Roland Garros wa mwaka ule ule na namba moja kwenye orodha ya mashindano, 6-1, 6-4, saa moja na dakika chache tu. Gauff alikuwa amempiga Rome miezi mitatu mbele, kwa hiyo deni lililipwa.

Nusu-finali ilikuwa na Elena Rybakina wa Kazakhstan. Huyu alishinda Wimbledon mwaka 2022, mashindano yale yale ambayo Mboko kwa vijana alipigwa na Okutoyi. Seti ya kwanza Mboko alipoteza 1-6. Watu wengi wangezima televisheni. Ya pili akachukua 7-5. Kwenye ya tatu alianguka, mkono ukajikunja chini yake, akashika kiungo cha mkono kwa maumivu. Rybakina alifika kwenye pointi moja tu ya kumaliza mechi. Hakuimaliza. Iliisha kwa Mboko, 7-6. Unaweza kusema ni roho ngumu, lakini angalia vizuri: ni mtu aliyekuwa ameshinda mechi zaidi ya hamsini mwaka ule, nyingi mbele ya viti vitupu kwenye mashindano ambayo hakuna mtu anayatangaza. Miguu ilikuwa imezoea.

Kesho yake, siku ya nne, tarehe 7 mwezi wa nane, finali na Naomi Osaka, Mjapani ambaye baba yake ni wa Haiti, mwenye mataji manne ya Grand Slam. Kwetu ilikuwa usiku. Mkono wa Mboko ulikuwa bado unauma. Osaka akachukua seti ya kwanza 6-2. Mboko akajibu 6-4, 6-1. Mabingwa wanne wa Grand Slam kwenye mashindano moja, na bado hajatimiza miaka 19. Alipata zaidi ya dola 750 000 na pointi 1000, na kutoka nafasi ya 85 akaruka mpaka ya 24. Mkanada wa mwisho kushinda nyumbani alikuwa Bianca Andreescu, mwaka 2019.

Baadaye kuna siku mbaya pia. Kwenye US Open alitolewa duru ya kwanza na Barbora Krejcikova, na mechi zingine zikafuata hivyo hivyo. Lakini mwezi wa kumi na moja alishinda Hong Kong, na mwaka akaumaliza nafasi ya 18.

Sasa lile swali la WhatsApp: ni wetu ao si wetu? Kwa damu, ndiyo, wala hakuna anayebisha, hata magazeti ya Kanada yanaandika Kongo kila mara. Kwa karatasi ni jambo lingine. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mtu akiwa na paspoti ya inchi nyingine kwa hiari yake, sheria haimhesabu tena Mkongo mpaka afuate njia ya kuurudia uraia. Mashabiki wa mpira wanajua jambo hilo, tunalisikia kila mara wachezaji waliozaliwa Ulaya wanapoitwa Léopards. Mboko alilelewa na tenisi ya Kanada, anacheza kwa Kanada, na mimi sioni kwa nini tumdai kitu. Wazazi wake walitoka mikono mitupu. Kama tunataka kumshangilia, tumshangilie, hiyo hailipishwi.

Tereni za tenisi hapa Lubumbashi ziko, lakini ziko ndani ya maserkle, nyuma ya ukuta na mlinzi. Watoto wa kartie wanaingia kama waokota mipira. Wengine wanajifunza hivyo hivyo, kwa kuangalia, kwa raketi iliyokatika nyuzi ambayo baba fulani ameacha, jioni wenye kadi wakienda kunywa.

Nilipokuwa ninatayarisha habari hii nilipita kwenye serkle moja saa za jioni. Kijana mmoja wa kuokota mipira, labda miaka kumi na mbili, aliniuliza nikiwa ninaandika: "Yaya, ni nini unaandika?" Nikamwonyesha video ya finali ya Montréal kwenye simu. Akachuchumaa, wenzake wawili wakaja nyuma yake. Hawakusema kitu. Mmoja alikuwa anafuata mkono wa Mboko kwa mkono wake mwenyewe, kila mara anapoanzisha mpira. Kwenye seti ya pili megabyte zangu zikaisha.

"Alishinda?" kijana akauliza.

Nikamwambia alishinda, 6-4, kisha 6-1. Akaomba nirudie ile ya mwisho, nikairudia, naye akakimbia kuokota mpira uliokuwa umetoka nje ya mstari.