Sanaa ukubwani: Ubongo wa mtu mzima bado unajifunza

Edward Saidi Tingatinga hakupita darasa lolote la uchoraji. Alitoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 30 na ushei, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki dunia mwaka 1972. Katika miaka hiyo minne alikuwa ameshapata wanafunzi, na mtindo wa uchoraji alioanzisha unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Si kila atakayeshika brashi ukubwani atakuwa Tingatinga, wala hakuna haja. Linalotuhusu kiafya ni hili: mtu mzima asiyetafuta umaarufu, mwenye kazi na familia ya kutunza, akianza kuchora, kufuma, kusuka au kujifunza ala ya muziki, mwili na ubongo wake vinafaidika nini?

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO), kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti ilieleza kuwa sanaa ina mchango katika kuzuia baadhi ya maradhi, kuimarisha afya na kuwasaidia watu wanaoishi na magonjwa. Ukizisoma tafiti zenyewe, kuna jambo linalojirudia: faida kubwa hutokana na kule kujifunza na kutenda, hata kama kazi inayotoka mkononi si nzuri.

Ubongo haufungi milango

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo huwasiliana kupitia maungio yaitwayo sinapsi. Tunapojifunza jambo, baadhi ya maungio huimarika na mengine mapya hujengwa. Tunapoliacha, mengi hulegea. Utotoni kazi hii huenda kwa kasi kubwa. Ukubwani kasi hupungua, lakini kazi yenyewe haikomi.

Ushahidi wa wazi ulipatikana Ujerumani mwaka 2004. Watafiti waliwafundisha vijana wasiojua kabisa mchezo wa kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi, picha za ubongo zilionyesha kuwa sehemu zinazofuatilia vitu vinavyotembea zilikuwa zimeongezeka ujazo. Walipokaa miezi mitatu mingine bila mazoezi, ongezeko hilo lilipungua.

Mwaka 2008 zoezi hilo lilirudiwa kwa watu wenye umri wa takriban miaka 60. Wengi wao hawakuwafikia vijana kwa ustadi, jambo ambalo halishangazi. Hata hivyo, picha za ubongo wa waliojifunza zilionyesha mabadiliko. Kwa hiyo anayesema "mimi umri umenipita" anajinyima kitu ambacho ubongo wake bado unakiweza. Na anayeanza na kuacha baada ya wiki mbili ajue kwamba mazoezi ndiyo yanayoyadumisha mabadiliko hayo.

Kinachotokea mkono unaposuka

Chukua kazi inayojulikana pwani nzima, kusuka ukili wa mkeka. Majani machanga ya mkindu huanikwa yakakauka, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Zinazohitaji rangi huchemshwa nayo. Msukaji huanza na chane chache, akizipishanisha juu na chini kwa zamu, na kila chane inapokaribia kwisha anaingiza nyingine kabla ukili haujakatika. Utepe ule mrefu ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka upatikane.

Kwa macho ya mpita njia, yule mama ameketi barazani anasuka tu huku akizungumza na jirani. Ndani ya kichwa chake kuna shughuli nzito. Anakumbuka zamu ya kila chane na mahali rangi nyekundu inapotakiwa kurudi ili nakshi ikae sawa. Ncha za vidole zinapeleka habari za ulaini na mkazo wa jani, na ubongo unarekebisha nguvu ya mkono papo hapo. Akikosea, anaona nakshi imepinda, anafumua, anarudia. Kumbukumbu, mguso, kuona, kupanga na kusahihisha vyote vimo kazini kwa wakati mmoja.

Mtu aliyesuka tangu utoto hufanya haya karibu bila kufikiri. Anayejifunza akiwa na miaka 45 hutoka jasho, na jasho hilo ndilo mazoezi ya ubongo wake. Vivyo hivyo kwa anayefuma vitambaa vya makochi, anayeshona kofia za viua, anayefinyanga vyungu au anayejaribu kuchora uso wa mwanawe kwa penseli.

Kutenda kunazidi kutazama

Je, hatuwezi kupata faida hizo kwa kutazama kazi za wengine? Kutazama kuna heri yake, lakini kunatofautiana na kutenda. Mwaka 2014, watafiti wa Ujerumani waliwagawa wastaafu 28 katika makundi mawili kwa wiki 10. Kundi moja lilichora na kutengeneza kazi za sanaa kwa mikono yao. Jingine lilikwenda makumbusho kuzitazama kazi za sanaa na kuzijadili. Katika kundi la waliotengeneza, mawasiliano kati ya baadhi ya sehemu za ubongo yaliimarika zaidi, na uwezo wao wa kustahimili misukosuko uliongezeka.

Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, nchini Marekani. Uliwahusu watu zaidi ya 200 wenye umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walijifunza upigaji picha wa kidijitali, baadhi wakajifunza kushona mablanketi ya vipande vya vitambaa, na wengine vyote viwili, kwa wastani wa saa kama 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Walilinganishwa na wenzao waliokutana kwa mazungumzo na matembezi, na wengine waliobaki nyumbani wakisikiliza muziki au kufanya michezo myepesi ya maneno. Waliojifunza ujuzi mpya na mgumu ndio walioboreka kumbukumbu. Kustarehe tu pamoja na marafiki hakukuleta mabadiliko kama hayo.

Msongo wa mawazo

Faida nyingine huja haraka zaidi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2016, watu wazima 39 walipewa kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na karatasi za kukata na kubandika, wakaambiwa watengeneze wanachotaka kwa dakika 45. Mate yao yalipimwa kabla na baada ili kujua kiwango cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtu anapokuwa na msongo. Kwa takriban asilimia 75 ya washiriki, kiwango kilishuka. Waliowahi kufanya sanaa na wasiowahi kabisa hawakutofautiana.

Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haufai kubebeshwa mzigo mkubwa. Lakini unakubaliana na wanachokijua wengi wanaofuma au kudarizi jioni: akili ikiizingatia sindano, haipati nafasi ya kurudiarudia madeni na maneno ya bosi. Pumzi hutulia, na muda hupita bila mtu kuchungulia saa.

Sauti nne, pumzi moja

Katika muziki, Waswahili tuna historia ya kujivunia. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, alihamia mjini mwaka 1911 akiwa tayari mtu mzima. Huko mjini ndiko alikojifunza kuimba na wapiga ala. Mwaka 1928, umri ukikaribia miaka 50, alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika Afrika Mashariki nzima. Leo Zanzibar kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako udi, kanuni, fidla na ngoma hufundishwa.

Lakini kwa wengi wetu shule ya muziki iliyo karibu zaidi ni kwaya ya mtaa, kikundi cha kaswida au kikundi cha ngoma. Katika mazoezi ya kwaya, anayeimba sauti ya tatu hushika mstari wake huku masikio yakipokea ya kwanza, ya pili na ya nne. Anakumbuka maneno, anahesabu mapigo, anasubiri ishara ya mwalimu, anavuta pumzi ya kutosha mpaka mwisho wa sentensi. Mwaka 2013, watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipima mapigo ya moyo ya waimbaji wakiwa wanaimba pamoja. Waligundua kuwa mapigo hayo yalielekea kupanda na kushuka kwa pamoja, yakifuata pumzi ya wimbo.

Kuimba pia huvunja ugeni. Nchini Uingereza, watafiti waliwafuatilia kwa miezi saba watu wazima waliojiunga na madarasa ya kuimba, ya kazi za mikono au ya uandishi. Mwishoni makundi yote yalikuwa yamejenga ukaribu, lakini waimbaji waliufikia mapema. Kwa aliyehamia mji mgeni, mjane au mstaafu anayeshinda peke yake, jambo hili lina uzito, kwa sababu upweke wa muda mrefu unahusishwa na sonona na maradhi ya moyo.

Kuhusu uzee, utafiti uliofanyika New York na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 kwa takriban miaka mitano. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi mara kwa mara walipata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa kiwango kidogo kuliko wengine. WHO inakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na demensia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu.

Tusiahidi kupita kiasi

Utafiti kama huo wa New York hauthibitishi kwamba muziki ndio uliowakinga wazee hao. Inawezekana waliokuwa na afya bora ndio walioweza kuendelea kucheza, na waliokuwa wanaanza kuugua waliacha kimyakimya kabla ugonjwa haujagunduliwa. Watafiti hujitahidi kuondoa utata huo katika hesabu zao, lakini hauishi wote.

Sanaa pia haichukui nafasi ya matibabu. Mwenye shinikizo la damu aendelee na dawa zake. Aliyepoteza hamu ya kula, usingizi na furaha kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya. Anayewaza kujidhuru asisubiri hata siku moja. Penseli na ngoma ni wasaidizi wema wa daktari, na nafasi hiyo inatosha kuziheshimu.

Pa kuanzia

Wengi huzuiwa na aibu kuliko umasikini. Mtoto akichora ng'ombe mwenye miguu mitano tunampongeza. Baba wa miaka 50 akichora ng'ombe huyohuyo, anaficha karatasi. Aibu hii ndiyo ya kwanza kuondolewa, hasa tukijua kwamba kortisoli haijali kama picha inapendeza.

Chagua kitu kimoja unachokipenda na ambacho kinakusumbua kidogo. Kilicho rahisi mno hakimfundishi mtu, na kilicho kigumu mno humkatisha tamaa. Tenga nusu saa au dakika 45, mara mbili au tatu kwa wiki, na simu iwe mbali. Gharama si lazima ziwe kubwa: penseli na daftari, mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, uzi na sindano ya kufumia. Kwa anayependa kuimba, kwaya nyingi hazidai zaidi ya kuwahi mazoezi.

Tafuta mtu wa kukuelekeza. Wanafunzi wa mwanzo wa Tingatinga walijifunza kwa kukaa kando ya mwalimu wao wakimtazama na kumsaidia, na mitaani mwetu bado wapo mabibi wanaojua kusuka na wazee wanaojua kupiga marimba au zeze. Ujuzi wao unakwenda nao kaburini kwa sababu hatuwaulizi. Ukimwomba bibi akufundishe, utanufaika wewe na atanufaika yeye, maana kufundisha nako ni kazi ya ubongo.

Waajiri, halmashauri, misikiti na makanisa nao wana sehemu yao. Ukumbi unaokaa mtupu jioni unaweza kupokea darasa la kufuma au la ngoma, na kliniki za wazee zinaweza kuwa na saa ya kuimba pamoja na saa ya kupima sukari. Kwako wewe msomaji, usisubiri kustaafu wala usisubiri kipaji. Anza wiki hii, ukubali kukosea, kisha wiki ijayo urudie.