Sabufa Iliyonguruma Kitale, Ikanyamaza Bungoma

Nilipanda matatu Kitale nimeipakata sabufa kama mtoto mgonjwa. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili. Kila shimo la barabara nikazidi kuikumbatia. Nyumbani ilikuwa ikinguruma mchana kutwa hata pasipo muziki, na jirani alishanihakikishia kwamba kapasita imekufa. Bungoma nina fundi ninayemwamini. Akaichomeka, akatia flashi, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho kabla ya kucheza wimbo wowote. Kimya.

"Mwalimu, hii ni nzima," akasema. "Ugonjwa umeuacha nyumbani."

Umeme wa Kenya, uwe wa Turkwel au wa Olkaria, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukipenya penye njia ya muziki, karatasi ya spika hutikisika kwa mwendo uo huo, nasi tunasikia mngurumo mzito wa chini. Mngurumo huo una mdogo wake. Ndani ya sabufa, umeme hugeuzwa uende upande mmoja kama wa betri, kisha kapasita kubwa husawazisha mawimbi yake. Kapasita ikichoka, mawimbi hupita, lakini sasa ni 100 kwa sekunde, kwa kuwa kila nusu ya wimbi iliyokuwa ikirudi nyuma imegeuzwa mbele. Yaani sauti imepanda oktavu moja, ikawa kama nyuki ndani ya mkebe. Fundi mwenye sikio huzitofautisha kabla hajashika bisibisi.

Sisi wengine tuna kitufe. Punguza sauti hadi sifuri. Mngurumo ukipungua nayo, unaingia kutoka nje kupitia waya. Ukibaki vilevile, hapo ishuku kapasita. Niliporudi nikajaribu, ukapungua. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa swali ambalo vidole viwili vingelijibu!

Runinga nilikuwa nimeichomeka ukuta huu, sabufa ukuta ule, na waya wa AUX ukaziunganisha. Zote mbili zina waya wa ethi. Ethi hizo mbili pamoja na AUX zilifanya mzingo, na umeme kidogo ukawa unazunguka humo, ukijichanganya na muziki. Nikazichomeka zote kwenye ekstenshoni moja, mngurumo ukabaki wa kusikika tu ukibandika sikio. Wapo wanaokata pini ya ethi ili wapate kimya hicho. Usithubutu: siku waya wa moto ukigusa bati la mashine, ni ethi hiyo itakayokuokoa.

Ile tititi-tititi inayotangulia simu kuita ni kesi nyingine kabisa. Kwenye mtandao wa 2G, kabambe yako haitumi mawimbi mfululizo. Hugawana zamu na simu nyingine, ikifyatua mara 217 hivi kwa sekunde. Waya wa spika huyadaka kama antena. Isogeze simu mita moja tu na utaona.

Nilidhani nimemaliza. Jioni nikaweka muziki wa litungu, na kila uzi mzito ulipopigwa, kitu kikakwaruza. Nikabonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya pande zote mbili, ikaingia na kutoka bila kusugua. Koili ilikuwa salama. Nikakaza skrubu. Bado. Mkwaruzo ulikuja kwa noti moja tu, si ya juu wala ya chini yake, na hiyo ni tabia ya kitu kilicholegea: kila kimoja kina mtikisiko wake, nacho hucheza kikiitwa kwa mtikisiko huo. Nikaurudia wimbo huku nikigusa kimoja kimoja chumbani: fremu ya picha, kioo cha dirisha, mlango wa kabati. Mara ya tano nikaweka kiganja juu ya glasi mbili zilizogusana kwenye trei, za wageni, ambazo hatuzitumii kamwe. Litungu likaendelea peke yake.