Filamu ya 1917 na macho ya watu wa Ngara

Kwenye vibanda umiza vya Benaco, Kabanga na Nyakanazi, filamu ya kizungu isiyotafsiriwa kwa kawaida haina mteja. Mtazamaji analipa kiingilio akitegemea kumsikia DJ akimweleza staringi ni nani, adui kasema nini, na kwa nini yule dada analia. Kazi hiyo ina wakongwe wake. Tanzania tulikuwa na Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana ma-VJ wao. Nawaheshimu mafundi hao. Lakini ipo filamu moja ya vita iliyoonyeshwa Benaco bila neno hata moja la Kiswahili, na watu wakakaa kwenye mabenchi hadi mwisho. Ni 1917, ya mwongozaji Mwingereza Sam Mendes, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2019. Katika filamu zote za vita nilizowahi kuziona, hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

Mimi ni mpiga picha. Nilizaliwa Ngara, studio yangu iko Biharamulo mjini, na riziki yangu inatokana na picha za paspoti, kipaimara, sendofu na harusi. Kwa hiyo nimeitazama filamu hii kwa macho ya mtu anayejua kamera inavyochosha bega.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Tarehe 6 Aprili 1917, kaskazini mwa Ufaransa, askari wawili vijana wa Kiingereza, Blake na Schofield, wanaamshwa walipokuwa wamejipumzisha chini ya mti na kukabidhiwa barua. Wajerumani wamerudi nyuma kwa makusudi. Batalioni moja ya Waingereza, yenye watu 1,600, inadhani adui amekimbia na imejiandaa kumshambulia kesho yake alfajiri. Itaingia mtegoni. Nyaya za simu zimekatwa, kwa hiyo barua ya kuzuia shambulio lazima ifike kwa miguu, na ndani ya batalioni hiyo yumo kaka yake Blake. Asiyejua Kiingereza anayapata haya yote kwa kutazama tu: jenerali anaonyesha ramani, barua inatoka, uso wa kijana unabadilika. Kuanzia hapo ni mwendo.

Na mwendo huo haukatwi. Kamera inawafuata wale vijana tangu mtini, ndani ya mahandaki yenye tope, juu ya uwanja wa waya na mizoga ya farasi, hadi ng'ambo, kana kwamba mtu mmoja ameshika kamera na hakuizima kwa karibu saa mbili.

Anayepiga video za harusi anajua maana ya jambo hilo. Mimi nikimfuata bibi harusi kutoka kwenye gari hadi altareni, nakata. Nachukua viatu, nachukua shela, namchukua mama yake akijifuta machozi, kisha usiku nakaa kwenye kompyuta nachagua na kuunganisha. Kukata kunatusitiri sana sisi wapiga picha. Kunaficha mjomba aliyepita mbele ya lenzi, mkono uliotetemeka, wingu lililopita ghafla. Mendes na mpiga picha wake, Roger Deakins, waliamua kuukosa usitiri huo. Filamu ina viungo vyake, kwa kweli; hakuna shoti moja ndani yake iliyofika dakika kumi. Ila viungo vimefichwa pale mtu anapoingia kwenye giza la handaki, au anapopita nyuma ya kitu kikubwa. Kimoja tu kimeachwa wazi: Schofield anaanguka na kuzirai, skrini inakuwa nyeusi, na akizinduka ni usiku.

Ili mtindo huo ufanikiwe, waigizaji walifanya mazoezi kwa miezi kwenye viwanja vitupu kabla ya handaki lolote kuchimbwa. Urefu wa handaki ulipaswa kulingana na urefu wa mazungumzo. Kama maneno ni ya dakika mbili, handaki nalo liwe la mwendo wa dakika mbili. Yakachimbwa mahandaki ya zaidi ya kilomita moja na nusu. Jua lilipotoka, kazi ilisimama, wote wakasubiri mawingu, maana vivuli vya jua kali haviwezi kuunganishwa na anga la kijivu bila mtazamaji kushtuka. Wateja wangu wanaonung'unika kwamba siku ya picha yao ina mawingu wangefaidika kulijua hili: wingu ni rafiki wa uso wa mtu. Mwezi Februari 2020 filamu ilipata tuzo tatu za Oscar, za upigaji picha, uchanganyaji wa sauti na madoido ya picha, na ile ya kwanza Deakins aliistahili kwa kila fremu.

Wapo waliosema mtindo huo ni mbwembwe tu za mafundi. Nawapinga, na ushahidi wangu ni kibanda cha Benaco.

Pale kwenye vibanda ipo imani isiyoguswa: staringi hafi. Watu walikuwa wameshaamua kwamba staringi ni Blake, kwa sababu ndiye mchangamfu, ndiye mwenye kaka wa kuokolewa, ndiye anayetangulia mbele. Kabla filamu haijafika nusu, ndege ya Mjerumani inaanguka karibu na banda la shamba. Blake na Schofield wanamwokoa rubani kwenye moto. Schofield anakwenda kumchotea maji. Yule rubani anamchoma Blake kisu.

Kamera haiondoki. Tunaona uso wa kijana ukipauka taratibu mbele yetu, damu ikimwishia, mwenzake akimshika na kumwambia maneno ambayo kibandani hakuna aliyeyaelewa wala aliyeyahitaji. Hapa angekuwepo DJ, angesema jambo ili kujaza ukimya, na sisi tungeshukuru kwa kupumzishwa. Hakuwepo. Kijana mmoja, utingo wa malori yaendayo Kigali, alisimama akalalamika kwa nguvu kwamba haiwezekani, huyu ndiye staringi. Mzee aliyekaa nyuma yake akamjibu, "Kaa, mwanangu. Vita ndivyo vilivyo."

Kukatwa kwa picha humpa mtazamaji nafasi ya kukwepa. Kamera ikihamia kwenye mlima au kwenye uso wa mwingine, moyo unapata pa kujishikiza. Filamu hii inamnyima nafasi hiyo, na ndiyo maana mtu wa Ngara ambaye hajawahi kusoma habari za Ufaransa aliielewa. Kwake si habari ngeni.

Tarehe ya kwanza inayotokea kwenye skrini ni 6 Aprili. Ni jioni ya tarehe hiyo, mwaka 1994, ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi ilipotunguliwa Kigali ikitokea mkutanoni Dar es Salaam. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya yetu kwa muda wa saa 24 hivi. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Nakumbuka vumbi, magodoro vichwani, na watu wazima waliotembea bila kuzungumza.

Shangazi yangu aliishi karibu na mto Kagera wakati huo. Kibandani haendi, kwa hiyo nilimwonyesha filamu studio, kwenye kompyuta. Alitazama kwa utulivu hadi Schofield anapokimbizwa usiku ndani ya mji unaoungua na kujitupa mtoni. Maji yanambeba, yanamshusha kwenye maporomoko, kisha yanatulia. Maua meupe ya mti yanadondoka juu ya maji. Halafu anafika penye gogo lililoziba mto, na penye gogo wamerundikana maiti waliovimba. Hana njia nyingine ya kufika ukingoni ila kupanda juu yao.

Shangazi aliniambia nisimamishe. Nikasimamisha. Akakaa kidogo, akasema, "Mto wetu haukuwa na maua." Kisha akaniambia niendelee, anataka kujua kama yule mtoto atafika.

Msomaji asiye wa huku aelewe: mwaka ule wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Kagera ilishusha maiti kwa maelfu. Walipita maporomoko ya Rusumo, wakafuata mto ulivyojikunja kaskazini, hadi Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako wavuvi wa Kasensero waliwaopoa na kuwazika, na watu wengi wa kando ya ziwa waliacha kula samaki. Waandishi wa nje walipiga picha wakiwa darajani, na picha hizo dunia inazo hadi leo. Lakini ni picha za kutoka juu, kwa mbali. Mendes aliweka kamera usawa wa maji, kwenye kimo cha mtu aliye hai anayehangaika kutoka. Shangazi aliyatambua maji hayo kwa sababu alikuwa amesimama usawa huo.

Kuna miti pia. Mapema kwenye filamu, vijana wanapita bustani ya matunda ambayo Wajerumani waliikata shina kwa shina walipokuwa wakiondoka. Jambo hilo lilitokea kweli: mwanzoni mwa mwaka 1917, Wajerumani walipojiondoa kwenye eneo lile, waliharibu visima, barabara na miti ili adui asikute kitu. Blake, ambaye kwao wana bustani, anaeleza kwamba mbegu za yale matunda zitaota tena. Kibandani hakuna aliyeyasikia maneno hayo kwa Kiswahili, lakini mashina yaliyokatwa kila mtu aliyaona. Vilima vya kuzunguka Benaco vilibaki vipara namna hiyo miaka ya kambi ya wakimbizi, kwa sababu mamia ya maelfu ya watu walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Leo pitia barabara ya Rusumo utaona kijani, kipo kilichopandwa na kipo kilichochipua chenyewe, na malori yameegesha palipokuwa na mahema.

Nina dai moja kwa filamu hii, na nalisema kwa mapenzi. Vita ile ya kwanza ya dunia haikuishia Ufaransa. Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Rwanda, Kigali ikaanguka Mei, na Juni walikuwa wameshavuka Kagera na kuitwaa Biharamulo. Boma la Wajerumani lingali limesimama pale mjini. Maharusi wengi huniomba niwapigie picha kwenye kuta zake nene, na huwa nawaeleza kwa ufupi wamesimama wapi. Waliobeba vita hiyo mgongoni walikuwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Lakini filamu ya kumfuata mpagazi mmoja kutoka Kagera hadi Tabora, mzigo kichwani, kamera ikiwa nyuma ya kisogo chake bila kukata, sijawahi kuiona. Naitamani sana.

Tunayo ya vita vyetu vya karibu. Vita vya Kagera, filamu ya kumbukumbu ya rangi, ilitolewa mwaka 1980 na taasisi zetu wenyewe za serikali, ikionyesha jinsi jeshi letu lilivyomfukuza Idi Amin baada ya uvamizi wa Oktoba 1978. Ni hazina, na kila Mtanzania aitazame. Iliundwa kusifu ushujaa, na ilikuwa haki yake kufanya hivyo. Kilichobaki ni uso wa mtu mmoja: mama wa Kyaka aliyekimbia na mtoto, au mgambo aliyerudi kutoka Kampala akashindwa kulala. Mendes alipata hadithi yake kutoka kwa babu yake, Alfred Mendes, aliyekuwa mpeleka habari katika Vita vya Kwanza vya Dunia na aliyewasimulia wajukuu. Filamu ya 1917 imetolewa kwa heshima yake. Wazee wenye masimulizi ya namna hiyo tunao Ngara na Biharamulo, kila kata.

Kwa hiyo naomba hivi. Kijana uliye na simu yenye kamera, muombe babu au bibi yako akupitishe njia aliyopita, iwe ni ya mwaka 1979 au ya 1994. Tembea nyuma yake. Usikate, usiweke muziki, mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Chagua siku ya mawingu. Mkifika darajani au kwenye mitambo ya umeme ya Rusumo, ombeni ruhusa kwanza. Na kama mwanga au sauti vitakusumbua, njoo studio Biharamulo mjini. Kwa kazi hiyo sitakutoza hata shilingi.